Wino na Samli

Tuliisikia kabla ya kuiona. Tulikuwa tumetoka kwenye jua la barabara kuu ya Meru, macho yamejaa mwanga, na ndani ya duka kulikuwa na giza kama ndani ya chungu. Sikuona kaunta, sikuona mtu. Nilisikia tu kitu kikizunguka na kupumua nyuma ya pazia: shwaa-tap, shwaa-tap, kama mtu anayefagia ua na kugonga ufagio chini kila anapovuta pumzi. Dada yangu alinishika kiwiko.

"Ndiyo hiyo," alisema, hata kabla hatujasalimiwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumeondoka Isiolo asubuhi, tumepanda mlima juu ya magunia matupu ya lori lililokuwa likienda kuchukua viazi, na baridi ya huko juu ilikuwa bado imetukaa mifupani. Hatukwenda kutembea. Dada alikuwa amepewa muda wa kuonyesha kwamba anaweza kujilisha, na mashine ya kunakili karatasi ndiyo njia pekee aliyoiona mbele yake.

Alikuwa ameolewa Kulamawe, na mfanyabiashara wa mifugo. Siku moja alirudi kwetu Wabera, mtaa wa Isiolo, kwa miguu kutoka stendi, bila mzigo, mkono wake wa kulia umefungwa kwa leso. Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda. Baba na mama yetu walikuwa wameshafariki. Nyumbani tulikuwa wawili: mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, na nyanya yetu, ambaye sisi Waborana tunamwita Akko. Mwenye kauli juu yetu alikuwa baba mdogo. Alikuja, akanywa chai, akautazama ule mkono, kisha akautazama ukuta.

"Mimi nina watoto wangu wa kulisha," alisema. "Wazee wameniuliza. Nimewaambia tungoje mpaka mvua ya masika. Ikifika na una kitu cha kukulisha, nitamwambia mumeo akuandikie talaka. Kama huna, utarudi kwake, na hakutakuwa na maneno tena."

"Na mkono?" dada aliuliza.

"Mkono umepona."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mbuzi sokoni, bei ambayo si yeye aliyeipanga.

Baba yetu alikuwa karani, na alituachia taipureta. Dada alikuwa amejifunza kupiga chapa kabla ya kuolewa, na alipiga vizuri, macho kwenye karatasi, vidole vikienda vyenyewe. Lakini taipureta inatoa karatasi moja, na nyingine chache hafifu ukiweka karatasi ya kaboni. Watu wa Isiolo walihitaji nyingi. Ofisi za serikali zilikuwa na mashine zao, zimefungiwa. Shule zilipeleka mitihani yao Meru na kungoja. Dada alikuwa amelifikiria jambo hilo wakati mkono wake ungali kwenye leso. Sisi tulidhani amelala.

Mwenye duka alitokea nyuma ya pazia akifuta vidole kwa kitambaa chenye madoa. Alikuwa mzee mnene, mchangamfu. Alikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kijivu, na dada hakuuliza hata bei. Aliipita kama unavyompita tajiri barabarani. Ya pili ilikuwa ndogo na rahisi, inanakili kwa spiriti na kutoa maandishi ya zambarau. Dada aliinama kuinusa, akainuka haraka.

"Hii inanuka pombe."

"Ni spiriti tu, mama. Inakauka."

"Itakauka mtaa mzima umeshanusa. Nikiingia nayo nyumbani watasema napika chang'aa."

Mwenye duka alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta. Kisha akatupeleka nyuma ya pazia, kwenye ile tuliyoisikia. Ilikuwa nyeusi, kuukuu, na silinda la chuma lenye matundu, limevikwa kitambaa cha hariri. Unapiga chapa kwenye stensili, ile karatasi yenye nta, herufi zinaitoboa. Unaifunga juu ya hariri, unazungusha mkono wa mashine, na wino unapenya kutoka ndani ya silinda kupitia herufi peke yake. Alizungusha. Karatasi zilitoka moja baada ya nyingine zimebeba maneno yaleyale. Nilikuwa sijawahi kuona maneno yakizaana namna hiyo, na nikapata furaha ya kitoto, ya kutaka kuzikumbatia zikiwa bado na unyevu.

"Hii inafanya kila kitu," alisema mzee. "Mtihani, barua, kadi ya harusi. Ukichora, inatoa picha."

Alipotaja bei, ilikuwa ndogo mno hata dada akamtazama usoni kuona kama anatania. Kisha akauliza swali moja, na lilikuwa swali lenyewe hasa.

"Wino wake je?"

"Wino upo. Wino ni kitu kidogo, mama. Mashine ndiyo kitu."

Hereni za ndoa za dada zilikuwa zimeshauzwa kwa sonara asubuhi ileile. Tukarudi na mashine Isiolo katikati ya viazi, imefunikwa gunia, na dada aliishikilia njia nzima kwa mkono ulionyooka.

Akko hakuizuia mashine. Aliizunguka, akaigusa, akaiuliza inakula nini.

"Wino, Akko."

"Na maji?"

"Hainywi maji."

"Mgeni gani huyu, hanywi maji," alisema Akko, akaenda kuwasha jiko.

Kwetu kitu kikubwa hakiingii nyumbani hivihivi. Akko alikaanga buna: matunda ya kahawa, na maganda yake, katika samli, mpaka yakapasuka na nyumba ikajaa harufu ile tamu ya kuungua. Alituombea dua. Alichovya vidole katika samli ya moto kidogo, akatupaka kwenye paji la uso, kisha akaipaka mashine: kwenye mkono wake, kwenye silinda, juu ya ile hariri. Na kwa kuwa aliona kuna tundu la kuingizia wino, akamimina humo kilichobaki kikombeni.

"Akko, hapana," nilisema.

"Mwache," alisema dada. "Imekuja kukaa na sisi."

Kesho yake alifunga stensili ya kwanza, tangazo la mnada wa mbuzi, akazungusha. Karatasi zilitoka nyeusi, safi, maneno yameiva. Akko alikuwa amekaa mlangoni akitafuna buna iliyobaki kama mtu aliyejua tangu jana.

Kazi ilikuja, nyingi kuliko tulivyothubutu kutumaini. Wafanyabiashara wa mifugo walitaka matangazo. Ustadh wa madrasa alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chetu cha pekee, akaandika alifu na bee kwa kalamu ya sindano juu ya nta, mkono wake mwepesi kama anayeshona. Watu wa makanisa walitaka nyimbo zao. Walisema "habari" mlangoni, wa madrasa walisema "salaam aleikum", na mashine ikawajibu wote kwa sauti ileile. Dada alizungusha kwa mkono wa kushoto. Mimi nilipokea karatasi na kuzitandaza zikauke, juu ya kitanda, juu ya sanduku, juu ya magoti ya Akko alipokubali kutulia.

Kisha tyubu ya wino tuliyopewa pamoja na mashine ikaisha.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mashine ilikuwa rahisi. Tyubu yake ilikuwa na shingo yenye meno, na meno hayo hayakuingia kwenye mashine nyingine, wala shingo ya wino mwingine haikuingia kwenye mashine yetu. Wino wake ulitoka Nairobi, ukapitia Meru, ukafika kwetu na bei ya safari yote mgongoni. Kila dada alipopanda mlima kuununua, ulikuwa umepanda kumzidi. Akilipa wino, hakubakiwa na cha unga. Kazi ilikuwa nyingi na sisi tulikuwa palepale. Nilimwona akikaa mbele ya mashine akiwa amekunja mikono, akiitazama kama unavyomtazama ng'ombe anayekula vizuri na hatoi maziwa.

Alijaribu yote. Aliikunja tyubu kutoka nyuma na kuibana kwa chupa ya soda mpaka ikawa nyembamba kama jani. Alikwangua stensili zilizotumika kwa kisu kisicho na makali na kurudisha kile cheusi ndani. Alizilaza stensili katikati ya magazeti ili azitumie tena. Wateja wa matangazo aliwapa nakala za mwisho, hafifu, na kuwaambia zitasomeka vizuri juani.

"Hizi zimechoka," mfanyabiashara mmoja alimwambia.

"Mbuzi zako pia zimechoka, na unaziuza," dada alimjibu, na yule mtu akacheka, akazichukua.

Siku tyubu ilipokauka kabisa na kazi iko mezani, dada aliitupa kando. Halafu akauliza kama samli bado iko.

Samli ilikuwako. Ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho kwa wingi. Watu wa Akko walikuwa Korbesa, na mwaka ule malisho yalikuwa mazuri. Kila lori lililotoka kule lilituletea kibuyu au debe. Pesa hatukuwa nazo, ila samli ilijaa chini ya kitanda. Dada aliipasha, akaichanganya na masalio ya wino kwenye kikombe, akaikoroga kwa kijiti cha mswaki, akaimimina. Alikuwa anakumbuka ile siku ya kwanza, na mimi pia nilikuwa naikumbuka.

Ilifanya kazi. Katika joto letu samli haigandi. Ilibeba weusi ule mbali, mbali sana. Tyubu moja ikawa inafanya kazi ya kadhaa. Kwa muda, na ninauona muda huo hata sasa, ua umefagiliwa, dada ameimba kidogo asubuhi, tulikuwa watu wenye kazi. Mama mmoja aliyekuja kuchukua kadi za harusi ya binti yake alizipeleka puani, akatabasamu.

"Zinanukia nyumbani," alisema.

Tangazo la mnada linabandikwa leo, kesho limechanwa na upepo. Kadi ya harusi inasomwa mara moja. Za madrasa na za makanisa zilichapwa kabla ya samli, na hakuna mteja mwingine aliyewahi kuweka karatasi zetu zikae, kwa hivyo sisi nasi hatukujua zinakuwaje zikikaa.

Mwalimu alikuja muhula wa mwisho wa mwaka ulipokuwa unaisha. Alikuwa kijana wa milimani, mwenye sweta hata kwenye jua, anayefundisha Kulamawe. Shule kadhaa za upande ule zilikuwa zimeungana kutoa mtihani mmoja, na alikuwa ametumwa kuuliza kama tunaweza. Dada alipotajiwa Kulamawe, kwa mumewe, hakubadilika uso. Lakini mwalimu alipoondoka alikaa chini.

"Kule kwake," alisema. "Wataiona kazi yangu kule kwake."

"Unaogopa?"

"Hapana. Nataka waione. Shule hizi zikinipa kila muhula, baba mdogo atasema nini? Hii peke yake inanitosha kula mwaka mzima."

Tulifanya kazi mpaka vidole vyetu vikawa vyeusi kwenye kucha na Akko akatukataza tusimguse. Zilikuwa karatasi nzuri, sitazisahau. Hesabu, Kiswahili, maarifa, ramani ya mkoa aliyoichora dada mwenyewe na mto wa Uaso Nyiro ukipita katikati kama mshipa. Tulizipanga, tukazifunga kwa kamba ya katani, tukazibana ndani ya maboksi, maboksi ndani ya gunia. Mwalimu alitusaidia kupakia. Lori liliondoka mchana, na gunia liliwekwa juu ya mabati mapya yaliyokuwa yakienda kule kuezekea stoo.

Mwalimu alirudi na gunia baada ya wiki hivi. Alilishusha mlangoni polepole, kama anayemshusha mgonjwa.

"Habari, dada."

"Nzuri, mwalimu. Mbona umezirudisha?"

Alifungua boksi na kumpa karatasi moja. Ilikuwa ya manjano, laini, na ilipitisha mwanga kama karatasi ya kufungia andazi. Kila herufi ilikuwa na kivuli cha mafuta kuizunguka, vivuli vimekutana, na kupitia karatasi ya hesabu uliona swali la Kiswahili, na nyuma yake mto wa Uaso Nyiro, kimoja kimelala juu ya kingine. Zilikuwa zimekaa kwenye stoo ya mabati, zimebanana, katika joto la kule. Samli ilikuwa imetembea.

"Chungu wameingia," alisema mwalimu. "Na panya. Boksi la chini halipo tena."

"Mtihani umefanywaje?"

"Ubaoni. Tumeandika ubaoni, siku nzima." Alijaribu kucheka ili mambo yawe mepesi. "Mtoto mmoja aliniuliza kama swali la tano ni la kujibu au la kula."

Akko alicheka peke yake, kisha akaona nyuso zetu, akaacha.

"Wamesemaje?" dada aliuliza.

"Mwalimu mkuu amesema muhula ujao watapeleka Meru. Shule nyingine pia. Nimejaribu, dada. Nimewaambia ni mara moja tu."

"Na watu wa pale?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake.

"Sema tu, mwalimu."

"Wanauita mtihani wa samli. Kuna mfanyabiashara mmoja wa mifugo alikuja shuleni akaomba zile zilizoharibika. Amesema zinawasha moto vizuri kuliko kuni."

Hakuwa anajua yule mtu ni nani kwa dada. Alikuwa mgeni kule, alisema tu alivyoona. Dada aliikunja ile karatasi mara nne, akamrudishia, akamshukuru kwa kubeba mzigo mbali.

Tulipambana na mashine mpaka mwaka mpya ulipoingia na kupita. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, kisha tena kwa mafuta ya taa. Tulinunua wino mtupu kwa pesa ya mwisho, na hata wino mtupu ulitoka na kivuli cha manjano, kwa sababu samli ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi za hariri na kuchachia humo. Nyumba ikanuka. Siku moja, dada akiisugua, hariri ilipasuka mkononi mwake, bila sauti, kama utando wa maziwa. Alipanda Meru na kipande chake ndani ya bahasha. Mwenye duka alikigeuza kwenye mwanga.

"Hariri ya hii haitengenezwi tena," alimwambia. "Ningekuwa nayo ningekupa bure, mama."

Dada alinisimulia hayo akiwa anavua viatu. Aliongeza kwamba anaamini angempa kweli.

Habari zilikuwa zimeshaenea mjini. Ustadh alituma salamu na kusema watoto wameanza kunakili kwa mkono. Watu wa makanisa walipita mlangoni wakainamisha vichwa. Niliandika barua kuomba kazi ya ukarani kila mahali nilipoweza, za dada na zangu, kwa taipureta ya baba, na majibu yaliyokuja yalikuwa ya heshima, mengi yamenakiliwa kwa mashine, jina letu limejazwa kwa kalamu. Akko aliacha kuuliza habari za kazi. Alianza kumtengea dada sehemu kubwa ya chakula, na dada alianza kuiacha.

Mvua ya masika ilifika. Nilikuwa nimeomba isinyeshe, jambo ambalo mtu wa kwetu haombi, na niliomba nikijua mifugo ya Korbesa inaingoja. Ilinyesha vizuri. Uwanja wote mbele ya nyumba ukawa mwekundu na laini, na baba mdogo akaja akikanyaga nyasi za pembeni ili asichafue viatu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

Alikunywa chai. Aliuliza hali ya Akko, hali ya mvua, hali ya paa. Aliuliza mambo yote ila moja, na nilielewa kwamba anamstahi dada kwa njia aliyoijua. Mwishowe aliweka kikombe chini.

"Lori la Kulamawe liko kwenye kizuizi cha polisi," alisema. "Mumeo ameahidi mbele ya wazee hatainua mkono tena."

"Aliahidi mara ya kwanza pia," nilisema.

"Wewe hukuulizwa."

"Angalau angoje mpaka—"

"Nyamaza," dada aliniambia, kwa upole. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa. Sikuwa nimemwona akizifunga. "Baba mdogo alisema masika. Masika ndiyo haya."

"Kaa kidogo," nilisema. "Tutapata kitu kingine."

"Kitu gani?"

Nilifikiri. Alinipa muda wa kutosha kufikiri. Alisimama pale na fundo lake la nguo, ananitazama kwa makini, kama mtu ambaye angekubali jibu lolote. Mvua iligonga mabati. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa nyumba ile, na nikageuka kuitazama mashine.

"Akko asilale upande wa dirishani," alisema. "Maji yanaingia."

Aliinama akambusu Akko mkononi. Akko hakuuachia mkono wake mpaka baba mdogo aliposema lori halingoji. Kisha dada akajitanda leso kichwani, akatoka mvuani, na baba mdogo, akiogopa maji yasituingilie, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.